Njia Isiyo na Vigingi

Mugisho tulimlilia Kawempe, Kampala, nyumbani kwa binti yake Neema, na nilifika mapema kiasi cha kupata kiti cha plastiki karibu na ukuta. Mchungaji alisema mambo mazuri. Alisema marehemu alikuwa fundi wa milango, kwamba nusu ya milango ya mtaa ule ilipita mikononi mwake, na kwamba hakuwahi kugombana na mtu juu ya kazi. Yote kweli. Wanawake wa Kalerwe wanaouza samaki wakavu pamoja na Neema waliitikia amina, mmoja akakuna paja la mtoto aliyemlalia, mwingine akapunguza sauti ya simu yake. Kisha Neema akaniona, akaja akainama sikioni pangu. "Tantine Zubeda, weye ulifanya naye kazi kule kisiwani. Sema hata kidogo." Nikasimama. Mimi ambaye kwa zaidi ya miaka ishirini nimeishi kwa kusema mbele ya watu, nimeongoza wageni kwenye mvua na kwenye jua, nimefundisha vijana kuongoza wageni, nilitoa sentensi tatu kavu: kwamba nilimfahamu, kwamba alikuwa mtu mwema, kwamba Mungu ampumzishe. Nikakaa. Hakuna aliyejua kwamba kati ya kazi zote za mikono yake, iliyo kubwa kuliko zote haikuwa mlango.

Niliporudi kwangu Bugolobi nilichemsha chai, nikaisahau mpaka ikapoa, nikaanza kuandika haya. Habari za kwetu, za kambi ya polisi nilikokulia, nitaziacha. Hazina mkono katika jambo hili isipokuwa kunipa Kiswahili, kile cha kambini, cha kuamrisha na kuitikia, ambacho watu wa pwani wakikisikia hucheka kwa adabu. Nitaandika juu ya mwaka mmoja tu. Nauandika kwa majivuno, sifichi, maana ni mwaka ambao nilifanya kitu kikasimama, na sikukifanya peke yangu.

Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu nilipovuka ziwa Victoria kwenda kufanya kazi katika kisiwa kimoja cha Ssese, kwenye nyumba ya wageni ya mwanamke aliyeitwa Mama Nantege. Ilikuwa nyumba ya vyumba sita, juu kidogo ya maji, kuta zake zimepakwa rangi ya waridi ambayo mvua ilikuwa imeifubaza mpaka ikafanana na kiazi kitamu kilichochemshwa. Kazi yangu ilikuwa kuandika majina ya wageni kitabuni, kubadilisha mashuka na kuangalia kama taa zina mafuta. Nilipewa chumba nyuma ya jiko, kitanda cha kamba, dirisha dogo linalotazama ziwa, na ukuta wa mbao nyembamba kati yangu na chumba namba sita. Mchana kutwa nguo zangu zilinuka moshi wa kuni na majani ya ndizi yaliyofunika matoke jikoni. Tulikula vizuri kuliko nilivyowahi kula: sato wa kuchemshwa na nyanya, matoke laini, nanasi lililokatwa likiwa bado na joto la shamba. Mama Nantege mwenyewe alikula akiwa amesimama, sahani mkononi, macho gatini, akitazama kama kuna boti inayoleta mtu.

Watu walikuwa wachache. Adhuhuri moja ya mvua nilikuwa nimejilaza, nikawasikia mke na mume wa chumba namba sita. Sikuwa na nia ya kusikiliza, ila ukuta ule haukumwuliza mtu nia yake. "Umenileta kutazama maji?" mwanamke alisema. "Maji si hata bandarini Port Bell yapo?" Mume akamwambia apumzike. "Nimepumzika tangu jana mpaka mgongo unauma. Hapa hakuna kitu cha kufanya." Kesho yake waliondoka, siku tatu kabla ya siku yao. Mama Nantege aliwasindikiza mpaka gatini kwa tabasamu zuri, akarudi jikoni, akaketi juu ya gunia la mkaa. Alisema nami kwa Kiluganda, kama kawaida yake. "Zubeda mwanangu, wageni wakiendelea kufunga mizigo mapema hivi, kufika Krismasi na mimi nitafunga nyumba. Nitaiuza kwa yeyote anayetaka kuweka mashine za kukaushia samaki." Nilikuwa nimeanza kuipenda nyumba ile, na sikuwa na mahali pengine pa kurudi zaidi ya kitanda cha juu kambini, juu ya dada zangu wawili.

Mchana, kazi ikiisha, nilikuwa na tabia ya kutembea. Nilianza kwa upweke tu. Nilishuka nyuma ya jiko mpaka kwenye miamba myeusi, nikafuata maji. Baada ya miamba kulikuwa na ghuba ndogo ya mchanga mweupe, mwembamba hivi kwamba watu wawili hawangeweza kutembea sambamba bila mmoja kulowa. Baada ya ghuba, mafunjo, na vijia vya viboko ambavyo nilijifunza kuvikwepa. Ukipanda kutoka hapo unafika kwenye kilima cha nyasi fupi, hakina mti hata mmoja, na ukisimama juu yake unaona visiwa sita vimekaa majini, kimoja nyuma ya kingine, cha mwisho kikiwa rangi ya moshi. Kisha unateremka kwenye msitu wenye nyani na hondohondo, unatokea kwenye mashamba ya mananasi na kahawa, unasalimia watu, unarudi nyumbani umechoka vizuri. Furukombe walilia juu yangu safari nzima. Mimi niliyekulia kwenye uwanja wa gwaride uliofagiliwa kila asubuhi sikujua kwamba nchi inaweza kubadilika mara tano katika matembezi ya saa nne.

Siku moja mwalimu wa jiografia, mwanamke mnene mcheshi aliyekuja peke yake, aliona pindo la sketi yangu limelowa na kujaa vijimbegu. Akaniuliza natoka wapi. Nikamwambia. "Kesho nipeleke," akasema. Nilimpeleka, na jioni ile mezani aliwasimulia wageni wengine wawili kila kitu, mikono ikipaa, mchuzi ukipoa, akamaliza kwa kusema kwamba kungekuwa na njia ya kueleweka angeleta walimu wenzake wote. Mama Nantege alikuwa mlangoni na birika mkononi. Wageni walipoondoka mezani aliniuliza, "Hiyo njia ipo?"

"Haipo. Mimi napita tu."

"Basi ifanye iwepo. Chukua Mugisho."

Mugisho alikuwa na miezi mitatu pale, akitengeneza milango na madirisha. Alikuwa mtu wa miaka kama arobaini, mrefu, mkimya, kutoka mwambao wa ziwa Kivu, aliyekimbia vita vya kwao akafika Kampala na mtoto mmoja wa kike. Neema wakati huo alikuwa na miaka saba, ameachwa kwa shangazi. Mugisho hakujua Kiluganda, mimi sikujua Kifaransa, kwa hiyo tulikutana kwenye Kiswahili, chake cha Kongo na changu cha kambini, na siku za mwanzo kila mmoja alidhani mwenzake anakivunja makusudi. Nilipomweleza kazi alisimamisha randa juu ya ubao.

"Batu banatembea bila kwenda mahali?" akauliza.

"Ndiyo."

"Bila mizigo?"

"Bila mizigo. Nachoka, narudi, nakula."

Alicheka mpaka akaketi. Ilikuwa mara ya kwanza kumsikia akicheka. Asubuhi iliyofuata alinikuta kwenye miamba akiwa na mapanga mawili, jembe na kamba.

Nilidhani kutengeneza njia ni kufyeka. Mugisho alinionyesha kwamba kufyeka ni kazi ndogo kuliko zote. Kwenye mteremko alivua viatu, akashuka polepole mara nne tano akihisi mguu unataka kwenda wapi wenyewe, na hapo ndipo tulipochimba. Njia iliyonyooka, alisema, itaua magoti ya wamama. Kwenye kijito alilaza magogo mawili ya mti mgumu, akayachonga mistari juu ili viatu vilivyolowa visiteleze, akarukaruka juu yake kama mtoto ili nione. Kazi yangu ilikuwa watu. Njia yetu ilipita kwenye ardhi ya familia tisa, na mimi nilikwenda kwa kila moja, nikapiga magoti kwa wazee wao kama inavyotakiwa, nikaeleza. Tulikula viazi vitamu kwenye nyua nyingi miezi ile. Nilikuwa nachora ramani nyuma ya kalenda ya zamani, na kila familia ikikubali tulipigilia vigingi vyenye kichwa cheupe, rangi iliyobaki kwenye madirisha ya Mama Nantege. Nilivipenda vigingi vile. Vilifanya kazi yetu ionekane ya kiofisi.

Siku moja tulikula juu ya kilima cha nyasi. Yeye alikuwa amepika bugali wa muhogo na sombe, mboga ya majani ya muhogo, mimi nimeleta nanasi. Niliona kwamba ameketi ameligeuzia ziwa mgongo, na nikakumbuka kwamba kila siku huketi hivyo. Nikamwuliza kwa nini. "Dada, miye nilitembea siku kumi na moja na mutoto," alisema. "Tulipita milima, tulipita ziwa ingine muzuri kama hii. Batu banasema ile inchi ni muzuri sana. Miye sikuona. Niliangalia tu miguu ya Neema, kama bado inatembea." Kiswahili changu hakikuwa na maneno ya upole. Nikasema, "Basi leo wewe naangalia." Nilisema kama naamrisha askari. Alinitazama kwa mshangao, kisha akageuka pale pale alipokaa, akatazama visiwa vyote sita, bonge la bugali likiwa bado mkononi. Baadaye akauliza jina la ndege mweusi na mweupe anayening'inia hewani kabla ya kujitupa majini. Nikamwambia mdiria. Tangu siku hiyo aliketi akitazama maji, na mara nyingine mimi ndiye niliyelazimika kumkumbusha kwamba kuna kazi.

Familia nane zilikubali. Ya tisa ilikuwa ya Mzee Lwanga, mwenye shamba la kahawa juu ya ile ghuba ya mchanga mwembamba. Alisikiliza maneno yangu yote, akasema, "Hapana, nnyabo," yaani bibi, kwa heshima zote, akaingia ndani. Nikarudi mara ya pili na sukari. Hapana. Nikapigilia vigingi kwenye mpaka wake, upande wa nje, nikijiambia kwamba huko si kwake. Kesho yake tulivikuta vimeng'olewa vyote na kutupwa majini, vikielea kama samaki waliokufa. Nilikasirika sana. Nilimwita mzee yule majina ambayo sitayaandika, na Mugisho akaniacha nimalize. Hatukuwa na la kufanya ila kuipitisha njia chini, kwenye mchanga wenyewe, kati ya maji na ukingo wa shamba. Ziwa likitulia ilikuwa sehemu nzuri kuliko zote. Likichafuka, mawimbi yaligonga ukingo na mchanga ukatoweka kabisa.

Sababu niliisikia kisimani, wiki chache baadaye. Nilikuwa nimeinama nyuma ya majani kujaza debe, na wanawake wawili waliofika hawakuniona. "Yule msichana wa vigingi naye haachi," mmoja alisema. Mwenzake akaguna. "Angejua Lwanga alikotoka na vigingi. Si ndivyo walivyokuja wale wengine? Vijana wenye heshima, na karatasi, na vijiti vyenye rangi. Wanapima tu, walisema. Akaweka kidole gumba. Msimu uliofuata anaamka, kahawa ya baba yake ya upande wa juu inang'olewa, na kidole ndicho kilichoruhusu." Wakajaza maji yao wakaondoka. Mimi nilibaki nimeinama, uso unawaka. Nilijiona kama yeye alivyoniona: kijana mwenye heshima, na karatasi, na vijiti vyenye rangi.

Nilimweleza Mugisho. Hakushangaa, alisema tu kwamba mtu hatupi majini vitu visivyomtisha. Siku mbili zilizofuata tulizunguka njia nzima tukaking'oa kila kigingi, hata kwa wale nane waliokubali, na kila nyumba nilieleza kwamba tunapita kwa ruhusa, na wakituambia tuache, tutaacha. Ile ramani niliichana mwenyewe. Kisha nilifunga vigingi vyote mzigo mmoja, nikaubeba kichwani mpaka kwa Mzee Lwanga, nikautua uani. "Hizi ni kuni, ssebo," nikasema, nikimwita bwana kwa Kiluganda. "Sina nyingine." Alitazama mzigo, akanitazama mimi. Hakunikaribisha kiti, hakunipa maji. Nilipofika kwenye ua wa miti nilisikia shoka likianza kupasua.

Sikuwa na ramani tena, kwa hiyo nilijifunza njia kichwani: kila jiwe, kila jina la mwenye shamba, wapi pa kupumzika, wapi pa kunyamaza kwa sababu ya viboko. Mwezi wa kumi yule mwalimu wa jiografia alitimiza ahadi. Walikuja walimu kumi na mmoja, vyumba vyote sita vikajaa kwa mara ya kwanza mwaka ule, na Mama Nantege akachinja kuku wawili na kuvaa gomesi yake ya kanisani kwa ajili ya kifungua kinywa. Aliniambia kwa sauti ya chini wakati nafunga viatu, "Hawa wakirudi wakifurahi, nyumba inabaki. Nimesema." Ziwa lilikuwa limetulia kama mafuta. Nilitangulia, Mugisho akashika nyuma na kamba yake begani.

Tulikuwa katikati ya ghuba upepo ulipogeuka. Wanaolijua ziwa letu wanajua kwamba haliombi ruhusa. Dakika moja unatembea kwenye jua, dakika inayofuata upande mzima wa mbingu umekuwa mweusi na maji yananyanyuka. Wimbi la kwanza lilitufika magotini. Nikatazama mbele: hakuna mchanga. Nikatazama nyuma tulikotoka: hakuna mchanga. Mwalimu mmoja mzee aliteleza kwenye jiwe, kifundo kikateguka, akapiga kelele. Kwa upande mmoja kulikuwa na ziwa na kwa upande mwingine ukingo wa udongo unaozidi kimo cha mtu, na juu yake kahawa ya Mzee Lwanga. Kupanda tu na watu wote bila kuomba kungekuwa rahisi. Hakuna ambaye angetulaumu, siku kama ile. Lakini nilikuwa nimesimama kwenye nyua nane nikisema tunapita kwa ruhusa.

"Nenda omba," Mugisho akanifokea kupitia upepo, kana kwamba amesoma kichwa changu. "Miye nachimba ngazi. Kimbia!"

Nilipanda kwa kushika mizizi, nikakimbia kati ya mibuni bila kukanyaga shina hata moja, nikamkuta mzee kwenye mlango wa nyumba yake, panga mkononi, akitazama mvua inavyokuja. Nilipiga magoti kwenye tope. "Ssebo, kuna watu kumi na mmoja chini ya ukingo na maji yanawafuata. Mmoja ameumia mguu. Sina karatasi, sina kigingi. Naomba wapite."

"Wakipita leo," alisema, "kesho mtasema palikuwa na njia."

"Kesho nitarudi mimi mwenyewe na jembe, nifute nyayo zao zote kwa mikono yangu. Hutaona palipopitwa."

Mvua ilitufikia wakati huo, nzito, na yeye hakusogea wala mimi sikuinuka. Kisha akalikita panga kwenye nguzo ya mlango, likasimama pale. "Nenda walete," akasema.

Nilipofika ukingoni Mugisho alikuwa amekwisha kukata ngazi saba kwenye udongo, amefunga kamba kwenye mti, na amesimama majini mpaka kiunoni, akiwapandisha mmoja mmoja. Sauti yake ilikuwa ya chini kabisa, ya mtu anayembembeleza mtoto. "Shika mukono. Moja. Sasa ingine. Usiangalie maji, mama, angalia mukono yangu." Yule mwalimu aliyeumia alimbeba mgongoni. Tulipita shambani kwa mstari mmoja, kila mtu akikanyaga alipokanyaga wa mbele yake, kama nilivyowaagiza, na Mzee Lwanga alisimama kwenye mvua akitutazama mpaka wa mwisho. Mke wake alikuwa amewasha moto ndani. Tulikaa kwenye mikeka, watu kumi na wawili tukitoa mvuke, tukanywa chai ya mchaichai kwa vikombe vinne vilivyozunguka, na mwalimu wa jiografia, midomo ikitetemeka kwa baridi, akaanza kumsifia mzee kahawa yake, aina yake, umri wake, namna ilivyopogolewa. Alikuwa anajua. Mzee alijibu neno moja, kisha mawili, kisha akaketi.

Mugisho hakuketi. Alikuwa amesimama karibu na mlango, akitazama mvua. Nilimwendea. Aliniambia kwa sauti ambayo wengine hawakuisikia kwamba siku moja katika zile kumi na moja mvua ilikuwa vilevile, akapiga hodi kwenye nyumba nne akiwa na Neema mgongoni. "Habakufungua," alisema. "Miye siwasemi vibaya. Baliogopa. Lakini leo, dada, nimeona mutu anaogopa na anafungua." Akaomba kikombe cha chai.

Kesho yake asubuhi nilirudi na jembe kama nilivyosema. Nilianza ukingoni, nikisawazisha udongo, unyayo mmoja baada ya mwingine, na nilikuwa kwenye mstari wa tatu mzee alipotokea. Alinitazama nikifanya kazi kwa muda. "Acha," akasema mwishowe. "Unakata mizizi ya kahawa yangu. Nani alikufundisha kulima?" Nikamwambia kambini hatulimi. "Inaonekana." Akanichukua mpaka kwenye mpaka wake wa juu, kando ya ua, akanionyesha kwa ncha ya panga. "Watapita hapa. Nitakata mwenyewe, kwa upana ninaotaka. Njia ni yangu, nyinyi mnapita. Siku nikiifunga, imefungwa." Nikasema ndiyo, ssebo. Hakuifunga. Aliikata nzuri kuliko zetu zote, akapanda maua ya njano pande mbili, na wageni walipopita alisimama akiwaeleza habari za kahawa mpaka nikalazimika kuwaburuta.

Nyumba haikuuzwa. Wale walimu walileta wengine, na wengine wakaleta ndugu zao. Watu walianza kuniuliza jina kabla ya kuuliza chumba. Nimefanya mambo mengi baadaye, nimesafiri mpaka kwenye nchi zenye njia zilizochorwa kwenye vitabu, na nikiwa huko nimetembea kwa kiburi cha siri, nikijua kwamba na mimi nina yangu, na kwamba kila anayeipita kule kisiwani mpaka leo huomba ruhusa kwa watu tisa, au kwa watoto wao.

Mwaka wangu wa kwanza ulipokuwa unaisha, mwenyekiti wa kijiji katika kisiwa cha jirani alituma ujumbe: wanaomba wale waliotengeneza njia waende wakawatengenezee na wao. Tulivuka asubuhi, ziwa likiwa tulivu na la buluu. Ufukweni walikuwa wamesimama watu kama thelathini, wanaume mbele. Mwenyekiti, mtu mwenye koti, alinipita mimi moja kwa moja, akashika mkono wa Mugisho kwa mikono miwili. "Karibu, fundi. Tuambie, tuanzie wapi?" Nilimtafsiria. Wala sikukasirika, nilikuwa nimezoea. Mugisho ndiye aliyeutoa mkono wake, taratibu, kwa adabu.

"Mwambie hapana," alisema. "Mwambie miye nabeba panga. Mwenye kujua njia ni weye."

Nilishindwa kuyatafsiri. Maneno yalikuwa mepesi, lakini yalinisifu mimi. Basi Mugisho akalifanya kwa mkono: akanionyesha mimi kwa kiganja wazi, akarudi nyuma yangu hatua mbili, akasimama pale na vyombo vyake begani, na watu wote wakageuza macho yao kwangu, msichana aliyevaa gambuti kubwa kuliko miguu yake. Nikauliza kwa Kiluganda, kwa sauti ambayo sikujua kuwa ninayo, nani pale ana shamba lililo karibu na maji. Kisha nyuma kabisa mwanamke mwenye mtoto mgongoni akainua mkono nusu, kama mtu asiye na hakika kama anaulizwa yeye.

"Tutaanzia kwako," nikamwambia, "ukikubali."

"Njoo kwanza uone," akasema. Wanaume wakampisha, akatangulia, na mimi nikamfuata.